Ndago ipi, Ndugu Mhariri?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu kuhusu makala ya kilimo iliyochapishwa hivi karibuni katika gazeti lako, ambayo ilieleza namna ya kupambana na ndago shambani. Makala yenyewe iliandikwa kwa lugha safi, na mwandishi wake anaonekana kuwa mtu aliyeshika jembe kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo si la kawaida sana kwa wanaoandika habari za mashamba. Hata hivyo, katika aya ya kwanza aliiita ndago kuwa ni aina ya nyasi sugu. Mbele kidogo akasema kwamba viazi vyake ni vitamu na huliwa. Na picha iliyowekwa juu ya makala ilionyesha mmea wenye masuke ya hudhurungi inayoelekea zambarau, ambao viazi vyake, kama yupo msomaji aliyevionja baada ya kusoma, vitakuwa vimemwachia uchungu ulimini kwa muda mrefu. Jina la kisayansi la mmea huo halikutajwa popote, na nina hakika kwamba kama lingetafutwa tangu mwanzo, makosa hayo matatu yasingepita.

Neno ndago, kama linavyotumika katika mazungumzo ya kila siku, halitaji mmea mmoja. Lipo kwa mimea miwili, na wengine hulipanua zaidi hadi likafunika kila kijani chembamba kinachoota mahali penye unyevu na kuwa na kinundu chini ya udongo. Mimea miwili ninayoizungumzia ni Cyperus rotundus na Cyperus esculentus. Yote miwili ni mimea pori ya kudumu, maana yake ni kwamba majani yanaweza kukauka yote juu ya ardhi ukadhani habari yake imekwisha, kumbe viazi viko chini vinasubiri mvua, na msimu ukifika huchipua upya bila mtu yeyote kupanda. Yote miwili ilipewa majina hayo na Carl Linnaeus, mwanabotania wa Sweden, katika kitabu chake cha mwaka 1753, ambacho ndicho kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa majina ya kisayansi ya mimea tunayoyatumia hadi leo. Rotundus kwa Kilatini ni “-a duara”, na esculentus ni “-a kuliwa”. Angalia basi, Ndugu Mhariri, kwamba lile ambalo makala yako ililikosea, yaani ni ndago ipi inayoliwa, limekuwa ndani ya jina lenyewe kwa zaidi ya miaka 270.

Baada ya kusoma makala hiyo nilitoka na jembe nikachimba shina moja la kila aina, nikayaweka juu ya ubao nikiwa na maji ya kuoshea udongo. Ukiyatazama majani tu, unaweza kudanganyika kwa urahisi, ingawa ya esculentus yana kijani kilichopauka na huchongoka polepole hadi nchani, ilhali ya rotundus yamekoza zaidi na ncha yake hukatika kwa ghafla. Masuke husema zaidi: ya esculentus yana rangi ya dhahabu kama majani makavu, ya rotundus ni yale ya zambarau iliyochanganyika na hudhurungi yaliyokuwa katika picha yenu. Lakini ushahidi usio na ubishi uko chini. Nilipoufuata mzizi mlalo wa Cyperus rotundus kwa ncha ya kisu, nilikuta kiazi, kisha uzi mweusi mgumu kama waya, kisha kiazi kingine, kisha uzi tena, mfuatano mmoja kama shanga za tasbihi, na kila kiazi kilikuwa cheusi, kigumu, chenye magamba yaliyokauka. Nilipokikata kimoja, kilitoa harufu inayokaribia ya kafuri. Cyperus esculentus hauna tasbihi hiyo. Kila mzizi mlalo huishia kwenye kiazi kimoja tu, cha mviringo, kisicho na harufu kali, na ukikitafuna unapata utamu wa mbali unaofanana na wa lozi. Kazi yote hiyo haikunichukua hata nusu saa.

Sasa niliseme lile la nyasi, kwa sababu ndilo linaloumiza wakulima. Ndago si nyasi. Nyasi halisi, ambazo ndizo ndugu wa mahindi, mpunga na mtama, ziko katika familia ya Poaceae, na ndago ziko katika familia nyingine kabisa, Cyperaceae. Huhitaji darubini kulithibitisha hilo. Shika shina la ndago linalobeba masuke, lizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada, nawe utazihisi kingo tatu, kwa maana shina hilo likikatwa lina umbo la pembetatu, limejaa ndani na halina vifundo. Shina la nyasi ni la mviringo, aghalabu lina uwazi ndani, na lina vifundo ambapo jani huanzia. Majani ya nyasi yamepangwa kwa safu mbili, ya ndago kwa safu tatu. Mtu akishajua kulizungusha shina vidoleni, hawezi tena kuzichanganya hata gizani.

Kuna atakayesema kwamba haya ni mambo ya darasani na kwamba gugu ni gugu. Nami niliwahi kusema hivyo, na nikalipa. Miaka kadhaa iliyopita nilipata ushauri kwa mtu ambaye nilimwamini, aliyeniambia kwamba kwa kuwa ndago ni nyasi, ninunue kiuagugu kinachochagua nyasi na kuacha mimea ya majani mapana. Nilifuata maelekezo yote ya kwenye chupa. Wiki chache baadaye nyasi zote za bustanini zilikuwa zimegeuka njano na kulala, na ndago, ambazo sasa hazikuwa na mshindani wa jua wala wa maji, zilisimama zikiwa zimenenepa kuliko siku niliyonyunyiza. Dawa haikuwa na kasoro yoyote. Viuagugu vya aina hiyo hushambulia kimeng'enya fulani cha nyasi, na mimea ya familia ya ndago kwa kawaida haidhuriki navyo. Kosa lilikuwa katika neno, nalo lilitoka kinywani mwa mtu likaingia moja kwa moja mfukoni mwangu.

Hata jembe lenyewe huhitaji kujua linapambana na nani. Viazi vya Cyperus rotundus vinapokuwa vimeungana katika mfuatano wao, vingi hubaki vimelala bila kuchipua. Jembe au trekta likipita na kuikata ile minyororo, kila kiazi kilichotenganishwa huamka na kutoa mmea wake. Ndiyo maana mkulima hupalilia kwa bidii na baada ya siku chache akaona ndago nyingi kuliko za mwanzo, kisha akalaumu mbegu, au mvua, au jirani. Mmea huu hauna haja kubwa ya mbegu, kwa kuwa nyingi hazioti. Viazi ndivyo vinavyouendeleza, na vingi hukaa katika sentimita 15 za juu za udongo. Kuwepo huko juujuu ndiko kunakotupa nafasi, kwa sababu kiazi kilichogeuzwa juu wakati wa kiangazi kikaachwa kwenye jua kali hukauka na kufa, ilhali kilichokatwa wakati wa masika hupata kile kinachokitaka. Udhaifu wake mwingine ni kivuli: ndago hupenda jua, na zao linalofunika ardhi mapema huidhoofisha. Lakini mtu asidhani kwamba nailoni ya kufunikia udongo itatosha, kwani ncha ya chipukizi la ndago ni kali kiasi cha kuitoboa na kutokeza upande wa pili. Mwaka 1977 mtaalamu wa magugu LeRoy Holm na wenzake walipoorodhesha magugu mabaya kuliko yote duniani, waliiweka Cyperus rotundus katika nafasi ya kwanza, wakilihesabu katika nchi zaidi ya 90 na katika mazao 52. Cyperus esculentus nayo ni gugu baya, tena mbegu zake huota vizuri zaidi, lakini haikupewa kiti hicho cha mbele.

Nimeyataja haya ya kilimo kwa sababu makala ilihusu kilimo, ila kuna upande mwingine wa jambo hili ambao kwangu unavutia zaidi, nao ni majina ambayo watu wa lugha mbalimbali wameupa mmea huu kulingana na walichokiona kwanza. Waingereza waliona jani na kiazi, wakaiita nyasi ya njugu, jina ambalo limekosea mara mbili, maana si nyasi na kiazi chake si njugu. Waarabu huiita Cyperus rotundus su'd, nao waliithamini kwa harufu yake. Katika tiba za jadi za India viazi vyake huitwa musta, na kwa Wachina, ambao nao huviweka miongoni mwa dawa zao za asili, huitwa xiangfu, na nusu ya kwanza ya jina hilo ina maana ya harufu nzuri. Kwa hiyo gugu lile lile ambalo mkulima hulilaani lina heshima yake mahali pengine. Cyperus esculentus imebahatika kuwa na majina yenye mapenzi zaidi: Wajerumani huiita lozi la ardhini, Wahausa huiita aya, Wahispania huiita chufa na katika eneo la Valencia huilima kwa makusudi ili kutengeneza kinywaji cheupe kama maziwa, na Wamisri huiita habb al-aziz, yaani punje ya mpendwa, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa neno azizi. Viazi vyake vimepatikana katika makaburi ya Misri ya kale, kwa hiyo mapenzi hayo si ya jana.

Majina yote hayo ni mazuri, nami nisingependa hata moja lipotee. Tatizo ni kwamba hayakutani. Mtu anayetafuta maarifa kuhusu ndago kwa kutumia neno ndago peke yake atapata yaliyoandikwa kwa Kiswahili tu, na humo atakuta mimea miwili imechanganywa. Lakini akiwa na jina Cyperus rotundus mkononi, mlango wa India, wa China na wa nchi za Kiarabu humfungukia kwa ufunguo mmoja, na atajua kwamba wote hao wanazungumzia mmea anaoukanyaga yeye.

Najua kuna wasomaji ambao huona majina ya kisayansi kuwa ni mbwembwe za wasomi, na huenda hata ndani ya chumba chako cha habari wapo. Ningependa kuwaonyesha kwamba hakuna lugha inayoyafahamu majina hayo kwa urahisi kama Kiswahili. Sisi tunaposema gugu maji au gugu karoti, tunataja kwanza aina kuu, kisha tunaongeza neno la kuitofautisha na nduguze. Linnaeus alifanya hivyo hivyo: Cyperus ni jenasi, jina la ukoo, lililotokana na neno la kale la Kigiriki, na rotundus ni sifa inayofuata nyuma yake kama sifa zetu zinavyofuata nomino. Zaidi ya hapo, Kilatini kina upatanisho kama ngeli zetu zilivyo na upatanisho. Ile sifa ya “-a kuliwa” hubadilika mwisho kulingana na nomino iliyoitangulia: ndago ni Cyperus esculentus na bamia ni Abelmoschus esculentus, lakini muhogo ni Manihot esculenta, magimbi ni Colocasia esculenta, na nyanya katika jina lake la zamani iliitwa Lycopersicon esculentum. Mtoto aliyekwisha kujua kwamba husemwa kiazi kitamu, embe tamu na muwa mtamu hatashangazwa na jambo hilo hata kidogo. Ukoo huo wa Cyperus una spishi zaidi ya 900, na mmoja wa wakubwa zake tunaufahamu sana, kwa kuwa mafunjo, yale yaliyotumiwa na Wamisri wa kale kutengenezea karatasi, ni Cyperus papyrus. Mtu akikata shina la mafunjo, ambalo huweza kupita urefu wa mita 4, atazikuta kingo zile zile tatu alizozihisi kwenye ndago ya kiganjani.

Yapo pia malalamiko kwamba majina hayo hubadilika kila mara, na hilo ni kweli kwa kiasi. Gugu maji, ambalo vitabu vingi vililiita Eichhornia crassipes, tangu mwaka 2018 limerudishwa na wataalamu katika jenasi ya Pontederia, na sasa huandikwa Pontederia crassipes, ambalo ndilo jina alilolipa mwanabotania Mjerumani Martius katika karne ya 19. Lakini mabadiliko hayo hufuata kanuni za kimataifa, hutolewa sababu, na jina la zamani huhifadhiwa kama kisawe ili anayelitafuta apelekwe kwenye jipya. Mimi binafsi nimeona majina ya dukani ya dawa moja yakibadilika mara nyingi zaidi, bila maelezo yoyote.

Niruhusu nitoke kidogo nje ya ndago, kwa mfano mmoja tu, kwa sababu kosa la ndago huishia kwenye uchungu na hasara, lakini kuna mimea ambayo kosa lake ni kubwa zaidi. Mwarobaini ni Azadirachta indica. Kuna mti unaofanana nao, wa familia hiyo hiyo, uitwao Melia azedarach, ambao wengi pia huuita mwarobaini, na matunda yake yana sumu kwa binadamu na kwa mifugo. Mwaka 1753 Linnaeus mwenyewe aliiweka miti hiyo katika jenasi moja, mmoja akiuita Melia azadirachta na mwingine Melia azedarach, majina yanayokaribiana kiasi cha kumchanganya hata msahihishaji makini, na kutenganishwa kwake kukaja baadaye. Jani la mwarobaini wa kweli hugawanyika mara moja tu, vijani vikapangwa pande mbili za kikonyo. La Melia azedarach hugawanyika mara mbili. Gazeti linaloandika kwamba majani ya mwarobaini ni dawa, bila kusema ni mwarobaini upi, limeacha nusu ya habari kwa bahati ya msomaji.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, halihitaji ukurasa wa ziada. Kila makala inayotaja mmea kwa ajili ya kuutumia au kuuangamiza iwe na jina lake la kisayansi mara moja tu, pale mmea unapotajwa kwanza, na baada ya hapo jina la Kiswahili liendelee na kazi yake. Liandikwe kwa herufi za mlazo, jenasi ianze kwa herufi kubwa na sifa kwa herufi ndogo. Nimekwisha kuona “Cyperus Rotundus” mara nyingi mno. Mwandishi asipokuwa na hakika ni spishi ipi, aandike jenasi peke yake na kusema kwamba hakuichunguza zaidi, jambo ambalo halimpunguzii heshima. Nanyi mnaopiga picha, msiridhike na majani: pigeni suke, pigeni shina lililokatwa, na mmea ung'olewe pamoja na mizizi yake, kwa sababu tofauti kubwa ya ndago mbili imo chini ya ardhi na hakuna kamera inayoifikia bila jembe.

Kwa upande wa Kiswahili, napendekeza tuite Cyperus rotundus ndago chungu, na Cyperus esculentus ndago tamu. Sijui kama kuna watu ambao tayari husema hivyo, na kama wapo, nawashukuru kwa kunitangulia. Kama kuna mahali ambapo yapo majina mengine ya kuzitenganisha, wasomaji wenzangu wayaandike kupitia ukurasa huu, kila jina likiambatana na maelezo ya suke na kiazi ili tusije tukaongeza mkanganyiko juu ya mkanganyiko.

Ile mimea miwili niliyoichimba sikuitupa. Wanabotania hukausha mimea kwa kuibana kati ya magazeti, kwa kuwa karatasi yake hufyonza unyevu upesi, nami nilitumia nakala ile ile yenye makala ya ndago, nikaiweka chini ya matofali manne na kubadilisha kurasa kila siku mpaka ikakauka. Ndago chungu imelazwa na tasbihi yake yote ya viazi sita, na ndago tamu iko karibu nayo ikiwa na viazi viwili, cha tatu nilikila. Kila mmoja una kikaratasi chenye jina, tarehe na aina ya udongo ulikoota. Kama mwandishi wa makala yenu atapenda kuziona, niko tayari kuzileta ofisini kwenu siku yoyote ya kazi, na mizizi yake nimekwisha kuiosha.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi